Moyo wa Kuazima: Gia Boksi, Meli na Mafundi wa Ziwa Nyasa

Kuna ubishi usiokwisha kwenye vijiwe vilivyo jirani na gereji. Gari la siku nyingi, tuseme Land Rover 109 au Peugeot 504, limekufa gia boksi. Spea yake haipatikani, au inapatikana kwa bei ya kununulia gari jingine. Fundi anaingia chini, anatoa mashine yote ya zamani, anafunga injini ya Toyota pamoja na gia boksi yake ya otomatiki. Gari linatembea. Hapo ndipo washikaji wanapogawanyika. Mmoja anasema hilo si Land Rover tena, hilo ni chotara. Wa pili anamjibu kwamba kama linapanda mlima na kushuka salama, basi ni lile lile. Wa tatu, ambaye hajawahi kushika hata spana, anasema mkweche ule ungeuzwa skrepa watu wakanywa soda.

Ndugu msomaji, huenda ukaona ubishi huu ni wa kupotezea muda. Mimi nauona ni ubishi wa historia. Unauliza kitu kinachobadilishwa viungo kinabaki kuwa cha nani, na anayestahili sifa ni nani: aliyekiunda kiwandani au aliyekifufua chini ya mwembe. Nchini kwetu hakuna mahali panapojibu swali hilo vizuri kama mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, kutoka vilima vya kahawa vya Mbinga hadi Mbamba Bay na Liuli. Huko watu waliona vyombo vikibadilishwa mioyo kabla lami haijafika.

Lakini kwanza tujue gia boksi inafanya nini, maana wengi tunaipanda tu bila kuijua.

Injini ya petroli au dizeli ina tabia ya kudeka. Haiwezi kuanza kazi ikiwa imeshabeba mzigo. Ni lazima izunguke bure kwanza, ipate mwendo, ndipo ipewe mzigo kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya klachi. Tena nguvu zake hupatikana ikizunguka kwa kasi fulani tu. Chini ya hapo inatetemeka na kuzima. Ndiyo maana tunahitaji gia, ili magurudumu yaende polepole mlimani huku injini ikizunguka haraka. Na injini ya gari hairudi nyuma hata ukiibembeleza, kwa hiyo lazima pawe na gia ya kurudisha nyuma.

Injini ya mvuke haina madeko hayo. Mvuke unaisukuma pistoni kwa nguvu hata kama mashine imesimama tuli. Ukigeuza njia ya mvuke, mashine inazunguka kinyume na meli inarudi nyuma. Kwa hiyo meli ndogo za moshi za mwisho wa karne ya 19, zikiwemo zile za Ziwa Nyasa, zilikwenda bila gia boksi. Mhimili ulitoka kwenye injini ukaenda moja kwa moja hadi kwenye rafadha majini. Kwisha habari.

Matatizo yalianza mvuke ulipopata mashine mpya iitwayo tabini. Tabini huzunguka kwa kasi kubwa mno, na rafadha inataka mwendo wa wastani. Isitoshe, tabini hairudi nyuma. Mhandisi mmoja Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, aliandikisha hataza mwaka 1905 ya njia ya kupitisha nguvu ndani ya kimiminiko. Fikiria feni mbili zinazotazamana. Washa moja, upepo wake utaizungusha nyingine ingawa hazigusani. Sasa badala ya upepo weka mafuta, halafu zifungie feni hizo ndani ya bakuli la chuma. Injini inazungusha feni ya kwanza, mafuta yanaisukuma ya pili, na ya pili inapeleka nguvu mbele. Mzigo ukizidi, mafuta yanateleza na injini haizimi. Klachi ya mguu haina kazi tena.

Uvumbuzi huo ukatoka majini ukapanda nchi kavu. Kwenye miaka ya 1930 mabasi ya London yalikuwa yanautumia. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ikatangaza Hydra-Matic, gia boksi ya kwanza ya otomatiki kutengenezwa kwa wingi, kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mwaka 1948 Buick wakaleta Dynaflow, iliyotumia bakuli la mafuta lenye uwezo wa kuongeza nguvu ya kuvuta, lile ambalo mafundi wetu wanaliita konveta. Kwa hiyo ukimsikia kijana akisema otomatiki ni mambo ya gari za kisasa za Japani, mwambie taratibu kwamba babu yake otomatiki alikuwa baharia.

Sasa turudi ziwani, tushukie Liuli.

Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba mkubwa uliopo pale, ambao kwa macho yao ulifanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Wenyeji wanauita Pomonda. Bandarini hapo Wajerumani walikuwa na meli yao ya moshi, Hermann von Wissmann, iliyopewa jina la mtu aliyechangisha fedha za kuijenga na akasimamia kuifikisha ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waingereza upande wa pili walikuwa na Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Rhoades na nahodha wa Wissmann, aitwaye Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja.

Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Rhoades alipata habari mapema. Tarehe 13 mwezi huo akaivamia Sphinxhafen, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mizinga ikalia. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia hadi kwa rafiki yake akiwa amefura kwa hasira, akiuliza kama amelewa, ndipo akaambiwa kuna vita na yeye ni mateka. Magazeti ya Uingereza yakashangilia ushindi wa majini.

Vitabu vinapenda kisa hicho kwa sababu kinachekesha. Mimi napenda kinachofuata. Waingereza hawakuhitaji kuizamisha meli ile. Waling'oa sehemu muhimu za mashine yake, wakaondoka nazo. Chuma chote kilibaki pale pale juu ya reli zake, lakini kilikuwa mzoga. Hata hivyo hofu haikuwatoka. Mwezi Mei 1915 walirudi Liuli na askari, wakaiharibu zaidi. Kwa nini kurudi kuipiga maiti? Kwa sababu walijua jambo ambalo kila fundi analijua: kilichong'olewa kinaweza kutengenezwa kingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na wao wenyewe wakathibitisha hivyo, kwani baada ya vita waliifufua meli ile ile, wakaipa jina la mfalme wao, King George V, ikaendelea kukata maji ya Nyasa. Mwili wa Mjerumani, jina la Mwingereza. Nani atasema haikuwa meli?

Kisa cha pili ni cha Chauncy Maples. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alizama ziwani mwaka 1895. Wenzake wakaamua kujenga meli kwa kumbukumbu yake. Ilitengenezwa Glasgow na kampuni ya Alley & McLellan, ikavunjwavunjwa kuwa mafurushi 3,481, ikasafirishwa kwa bahari hadi Msumbiji, ikapanda mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko ya Shire mto haupitiki. Boila, lenye uzito wa tani 11 hivi, likawekwa juu ya magurudumu. Watu 450 wa kabila la Wangoni wakalikokota kwa maili 64, yaani zaidi ya kilomita 100, wakienda kama maili 3 kwa siku. Meli ilishushwa majini mwaka 1901. Ilikuwa shule, zahanati na kanisa linaloelea, ikizungukia vituo vya misheni kwenye pande zote za ziwa.

Wangoni hao ni ndugu wa hawa wa Songea. Baada ya Zwangendaba kufariki Ufipa kwenye miaka ya 1840, watu wake waligawanyika, wengine wakaja Songea, wengine wakaenda upande wa Malawi. Kwa hiyo historia ya meli ile si ya Glasgow peke yake. Ina jasho la ukoo wetu.

Miaka ya 1950 misheni ikaiuza. Mwaka 1967 serikali ya Malawi ikaifanyia matengenezo makubwa: injini ya mvuke ikatoka, ikaingia ya dizeli. Sasa kumbuka tulichosema mwanzo. Anayeondoa mvuke na kuweka dizeli hafungi injini tu. Analeta pia madeko yote ya dizeli: lazima pawe na njia ya kuitenga injini na mzigo, kupunguza kasi yake iendane na rafadha, na kuirudisha meli nyuma. Kazi ambazo mvuke ulizifanya wenyewe zinataka sasa mtambo wa katikati. Tena boila likitoka, meli inapungukiwa uzito mkubwa, kwa hiyo inakaa majini tofauti na zamani na inabidi isawazishwe upya. Mhimili mpya usiponyooka sawasawa na ule wa zamani, mtetemo utakula beringi mpaka ziishe. Yote haya ni maswali yale yale ya fundi wa gari, ila mizani yake ni kubwa zaidi.

Ziwa Tanganyika nalo lina shahidi wake. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na Kigoma, lakini mafundi wake waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa injini zile zile zilizolala chini ya maji miaka 8. Kwenye miaka ya 1970 mvuke ukatolewa, dizeli ikaingia. Watanzania hatukuacha kuiita Liemba.

Sasa tupande mlima turudi Mbinga. Mji uko juu sana kuliko ziwa. Ukishuka kwenda Mbamba Bay unateremka zaidi ya mita 800 katika kilomita zisizofika 70. Wamatengo wamelima miteremko hii kwa ngoro, mashimo yao mashuhuri yanayozuia udongo usikimbie na mvua, na kwenye miteremko hiyo hiyo kahawa ikashika. Kahawa haina faida ikibaki shambani. Inataka gari. Na kabla ya lami, gari la njia hii lilikuwa lori au Land Rover yenye gia ya mkono, kwa sababu dereva alitaka kuichagua gia mwenyewe penye tope na kona.

Halafu zikaja siku ngumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na katikati hapo tukapigana vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikakauka. Wazee wanakumbuka amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili mchana. Spea zikawa za magendo, na mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa walanguzi. Katika miaka hiyo fundi wa Kitanzania alihitimu bila chuo. Alijifunza kuchonga bushi, kuchomelea gia iliyovunjika meno, kupachika kitu cha gari hili kwenye gari lile. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Baada ya hapo mlango ukafunguka, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, yakiwa na usukani upande wa kulia kama yetu. Mengi yalikuwa ya otomatiki. Yalipopata ajali au kuoza bodi, mashine zake zikabaki nzima zikitafuta mwili. Na miili ya zamani ilikuwepo, imara, ikitafuta mashine.

Hebu tufuate kazi yenyewe, maana kusema "fundi alifunga" ni kumdhulumu.

Kwanza anapima. Gia boksi ya otomatiki mara nyingi ni ndefu au nene kuliko ya mkono, kwa hiyo chuma kinachoibeba chini lazima kisogezwe au kichongwe kingine, na shafti ya kupeleka nguvu nyuma ikatwe kwa urefu mpya kisha isawazishwe. Flaiwili nzito ya klachi haitakiwi tena. Badala yake inafungwa sahani nyembamba ya chuma inayoshika konveta. Pedali ya klachi inatoka, na mguu wa kushoto unakosa kazi. Mabomba mawili yanavutwa hadi kwenye rejeta kupooza mafuta, kwa sababu kule kuteleza kwa mafuta ndani ya konveta kunazaa joto. Kebo inayounganisha eksileta na gia boksi lazima irekebishwe kwa makini. Ikilegea au ikikaza kupita kiasi, gia zitaingia kwa wakati mbaya na plate za ndani zitaungua.

Kuna hatua moja inayomtenganisha fundi na mbabaishaji. Kabla ya kukutanisha gia boksi na injini, konveta inasukumwa na kuzungushwa mpaka ikae kabisa kwenye pampu ya mafuta. Inaingia kwa vituo, na mwenye subira anausikia mgongo wake kila kituo. Ikikaa sawasawa, gia boksi inagusana na injini kwa mkono tu, na konveta inabaki na nafasi ndogo mbele yake. Mwenye haraka huona pengo kati ya injini na gia boksi, akadhani bolti zitavuta. Bolti zinavuta kweli, na zinavunja pampu. Gari litawashwa, litanguruma, na halitasogea hata inchi moja.

Ikiwa yote ni mema, mafuta mekundu yanajazwa, injini inawashwa, mkono wa gia unapitishwa kila alama, kisha mafuta yanapimwa tena yakiwa ya moto. Baadaye mwenye gari anafundishwa tabia mpya. Betri ikiisha, asiwaite vijana kusukuma. Pampu ya gia boksi inaendeshwa na injini, kwa hiyo otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Akiteremka kwenda ziwani, asiiache kwenye D na kukanyaga breki njia nzima hadi zichemke. Aweke 2 au L, injini imsaidie kulishika gari. Mlima wa Mbinga hausamehi asiyejua chombo chake kina moyo gani.

Haya ndiyo maarifa yanayonifanya niandike. Tazama majina yaliyotajwa katika makala hii: Föttinger, Wissmann, Rhoades, Berndt, Maples. Tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyaandika. Wale waliovuta boila kilomita 100 masimulizi yanawahesabu tu: 450. Wanahesabiwa kama mafurushi 3,481. Na fundi anayejua kuisikiliza konveta ikikaa kwenye pampu, naye anaitwa "fundi" tu, au anaitwa kwa jina la mwanawe. Akifa, anazikwa na maarifa yake, halafu sisi tulioko mijini tunasema Waafrika hatukuvumbua kitu.

Wengi tunaosoma kurasa hizi tunataka kuwa waandishi. Tunaandika mapenzi, usaliti, maisha ya jiji, na ni vizuri. Lakini historia ya nchi hii imelala pia chini ya magari, imepakwa oili. Kuunda kitu kipya penye kiwanda, umeme na fedha ni kazi kubwa. Kukifanya cha miaka 50 kiendelee kufanya kazi kwa viungo vya kuazima, bila kitabu cha maelekezo, nako ni kuvumbua, na uvumbuzi huo una wenyewe, wana sura na sauti.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wa kijiweni ni hili. Land Rover yenye gia boksi ya Toyota ni Land Rover, kama Wissmann ilivyobaki meli chini ya jina jingine, na Liemba ilivyobaki Liemba bila mvuke. Ila tangu siku ile gari hilo lina mtengenezaji wa pili. Wa kwanza jina lake limebandikwa kwenye boneti. Wa pili jina lake halijaandikwa popote. Nenda gereji ukiwa na daftari, msalimie, msubiri atoke chini ya gari na kunawa mikono, kisha muulize anaitwa nani na alifundishwa na nani. Andika kwa wino.